Mwanaanga Mitaani Kinshasa: Coco, Theo na Haki ya Kubadilika

Siku ya kwanza nilipoipiga "Malukayi" nyumbani, mjomba alitoka chumbani kwake na msuli kiunoni akauliza, "Hiyo spika imepasuka?" Nikamwambia hapana mjomba, wimbo wenyewe ndivyo ulivyo. Akasimama mlangoni, akatega sikio, akalitambua neno moja la Kilingala, halafu lingine. "Hawa Wakongo?" Ndiyo, wa Kinshasa kabisa. Akatikisa kichwa. "Wakongo gani hawa hawapigi gitaa?"

Mjomba ni mtu wa bolingo. Franco na Tabu Ley kwake si wanamuziki tu, ni kalenda: anakumbuka mwaka aliooa kwa wimbo uliokuwa unapigwa. Aliziona enzi za Maquis hapa Dar, na hadi leo anaweza kukueleza mpiga solo fulani alivyokuwa akiingia kwenye sebene kana kwamba anakusimulia goli. Kwa mtu kama yeye, Kongo ina sauti yake, na sauti hiyo ni gitaa safi lisilo na mkwaruzo hata mmoja.

Siku ile sikuwa na jibu la maana. Nilisema tu, "Wamebadilika, mjomba." Akarudi chumbani. Lakini swali lake lilibaki na mimi, maana chini yake kuna swali kubwa zaidi: nani anaruhusiwa kubadilika? Bendi ya rock ya Uingereza ikitupa magitaa na kuingia kwenye kompyuta, tunasema imekomaa, na wachambuzi wanaandika vitabu. Wakongo wawili wakifanya hivyohivyo, tunauliza kama bado ni Wakongo. Naomba nisimulie habari yao tangu mwanzo.

Bustani ya wanyama

Coco Ngambali na Theo Nzonza tuliwajua kwanza kupitia Staff Benda Bilili, bendi ya mtaani ya Kinshasa iliyokuwa ikifanya mazoezi kwenye bustani ya wanyama ya jiji. Kiini chake kilikuwa watu waliopata polio utotoni. Walitembelea magongo na baiskeli za miguu mitatu walizoziunda kwa mikono yao, nyingine zinafanana na pikipiki za kwenye sinema. Jina lenyewe, kwa Kilingala, linamwambia mtu aangalie ng'ambo ya kile kinachoonekana.

Maisha yao yalikuwa ya kuhangaika kama ya wakazi wengi wa Kinshasa, ila wao walikuwa na mzigo wa ziada. Kwa miaka mingi watu wenye ulemavu walipata nafuu ya ushuru kwenye kivuko cha mto kati ya Kinshasa na Brazzaville, hivyo wengi wao wakawa wafanyabiashara wa kuvusha bidhaa. Wengine walishona, wengine walitengeneza vitu, wengine waliimba mbele ya migahawa. Bendi kubwa za mjini hazikuwa na nafasi kwa mtu wa magongo. Kwa hiyo wakaanzisha ya kwao, Coco akiwa mmoja wa waanzilishi pamoja na Ricky Likabu.

Baadaye akaja kijana wa mtaani, Roger Landu, na ala aliyoibuni mwenyewe, satongé: kopo, kijiti kilichopindwa, na waya mmoja. Basi. Kwa waya ule mmoja alikuwa anapiga solo za kumtoa mtu jasho. Ukiisikia bila kuiona, unaweza kuapa ni gitaa la umeme lililopitishwa kwenye mtambo fulani. Naomba uishike hapo hii habari ya kopo, tutairudia.

Albamu yao ya kwanza, *Très Très Fort*, ilitoka 2009 kwa Crammed Discs, kampuni huru ya Brussels. Aliyeirekodi ni Vincent Kenis, na hakuwapeleka studio. Aliwafuata kulekule bustanini na kompyuta mpakato, maiki kadhaa, na waya mrefu wa umeme uliovutwa kutoka kwenye kibanda cha vinywaji kilichokuwa kimeachwa. Ukisikiliza vizuri unawasikia vyura. Kuna wimbo unaowasihi wazazi wawapeleke watoto chanjo ya polio, na mwingine unaokumbuka kulala juu ya maboksi. Ni rumba, yenye chumvi ya fanki na harufu ya mtaa, lakini ni rumba. Hata mjomba angeipokea.

Dunia iliipokea pia. Mwaka huohuo wakapata tuzo ya WOMEX. Mwaka 2010 filamu ya Renaud Barret na Florent de La Tullaye kuhusu maisha yao, *Benda Bilili!*, ikaonyeshwa Cannes. Zikafuata ziara Ulaya, Japani, kote huko. Mwaka 2012 ikatoka albamu ya pili, *Bouger le Monde!*

Hadithi iliyotangulia jukwaani

Hapa lazima nijitaje. Mimi ni mwandishi wa habari, na ninajua jinsi aya ya kwanza inavyoandikwa. Ukipewa bendi ya watu wenye ulemavu, waliolala nje, wanaofanya mazoezi kwenye bustani ya wanyama, huanzi na mpangilio wa sauti. Unaanza na viti vya magurudumu. Nimefanya hivyo mwenyewe, aya chache tu hapo juu, na wewe msomaji umenisamehe bila kugundua.

Hadithi ile ilikuwa ya kweli, na iliwafungulia milango. Shida ya hadithi nzuri ni kwamba inafika jukwaani kabla yako, inakaa kiti cha mbele, haitaki kuondoka. Watu walikuja kuona ushindi wa roho ya binadamu. Ukishakuwa alama ya ushindi wa roho ya binadamu, utaanzia wapi kupiga wimbo wa ajabuajabu, wenye mkwaruzo, usiomfariji mtu yeyote? Mashabiki wanataka kopo, magongo, tabasamu. Wanataka uendelee kuwa bustanini.

Mwaka 2013 bendi ilipasuka. Coco na Theo wakaondoka, ziara zikavunjika. Sitaingia kwenye lawama za ndani; bendi zinapasuka kama ndoa, na wa nje wanasikia nusu ya maneno. Ninachotaka kukiangalia ni walichofanya wale wawili baada ya hapo. Walikuwa watu wazima wa makamo, wenye jina kubwa. Njia rahisi ilikuwa wazi kabisa: kuunda Benda Bilili nyingine, nyimbo zilezile, baiskeli zilezile, na kuendelea kula matunda ya hadithi ile.

Hawakufanya hivyo. Wakakusanya vijana wa Kinshasa, wakajiita Mbongwana Star. Mbongwana, kwa Kilingala, ni mabadiliko.

Spika iliyopasuka

Albamu yao, *From Kinshasa*, ilitoka 2015. Mtayarishaji ni Doctor L, jina lake halisi Liam Farrell, Mwairishi aliyeishi na kufanya kazi Paris. Aliwahi kutengeneza muziki na kundi la rapu la Assassin, na ndiye aliyeshirikiana na Tony Allen, mpiga ngoma wa Fela, kwenye albamu ya *Black Voices* ya 1999. Yaani si mtu wa kupaka rangi ya udongo muziki wa Afrika ili upendeze sebuleni.

Sauti yenyewe nitaielezaje? Besi iko mbele, imevimba, inakoroma kama jenereta ya jirani. Ngoma zinasikika kama zinapigwa kwenye chumba kisicho na dari. Gitaa lipo, mjomba alikosea hapo, ila limekatwakatwa: linatokea, linapotea kwenye mwangwi, linarudi likiwa na umbo jingine. Sauti za Coco na Theo zinaelea juu ya yote hayo, na hapo ndipo siri ya albamu ilipo, kwa sababu wao wanaimba rumba. Wanapokezana mistari na kupanda pamoja kwenye kiitikio kama waimbaji wa Kongo walivyofanya kwa miongo. Waondoe wao, unabaki na muziki wa klabu fulani ya Berlin saa tisa usiku. Ondoa mashine, unabaki na wimbo ambao mjomba angeucheza arusini.

Wimbo "Malukayi" umeshirikisha Konono No. 1, na hawakualikwa kwa bahati tu. Konono ni kundi lililoanzishwa na Mingiedi Mawangu, mpiga likembe, ndugu wa ile ilimba ya Wagogo wetu wa Dodoma. Muziki wa kwao ulikuwa wa kijijini, lakini walipojikuta Kinshasa, jiji lenye kelele za magari na mamilioni ya watu, likembe ikawa haisikiki. Mingiedi akachukua sumaku kutoka vyuma chakavu vya magari, akaunda maiki, akaiunganisha likembe na vipaza sauti vikuukuu. Sauti ikatoka kubwa, ila imejaa mkwaruzo. Badala ya kuuondoa mkwaruzo, wakaufanya sehemu ya wimbo. Dunia ya nje ilipowasikia vizuri mwaka 2004, kwenye albamu ya *Congotronics*, ikashangaa: muziki wa elektroniki bila kompyuta! Mwaka 2007 Björk akawaingiza kwenye wimbo wake "Earth Intruders".

Sasa rudi kwenye kopo la Roger. Sumaku ya gereji, waya mmoja kwenye kopo, spika inayokoroma. Spika ya Kinshasa ilikuwa imepasuka zamani, kabla Doctor L hajapanda ndege. Coco na Theo walipoamua kwenda kwenye mkwaruzo, hawakwenda ugenini. Waliingia nyumba ya jirani.

Mkono wa nani?

Najua utasema: sawa, lakini aliyeshika mtambo ni mtu wa Paris. Na kampuni iliyoitoa albamu ni World Circuit ya Uingereza, ileile iliyotuletea *Buena Vista Social Club* ya wazee wa Kuba mwaka 1997. Je, haya ni mabadiliko ya Coco na Theo, au ni Mzungu mwingine aliyewavisha nguo nyingine? Zamani waliuzwa kama wa asili, sasa wanauzwa kama wa kesho.

Swali hili lina haki yake, na sitaki kulikwepa. Mkono wa Doctor L unasikika sana. Kuna sehemu ambapo natamani apunguze mwangwi nimsikie Coco anasema nini. Wahakiki wengi wa nje waliisifu albamu bila kujali maneno hata kidogo, kana kwamba Kilingala ni ala nyingine tu. Mtu aliyeimba kuhusu chanjo na maboksi anastahili kusikilizwa maneno yake.

Lakini ukilifuatilia swali hilo hadi mwisho, linakufikisha pabaya. Sahani zilizoipa rumba ya Kongo umbo lake zilikuwa za Kuba, zile za mfululizo wa GV zilizoanza kusambazwa Afrika miaka ya 1930. Gitaa la umeme, lile analolilia mjomba, lilipata njia ya kuingia studio za Léopoldville mwanzoni mwa miaka ya 1950 kupitia Bill Alexandre, Mbelgiji aliyefanya kazi na kampuni ya CEFA. Tukianza kumpokonya Mkongo kila kilichopita mkononi mwa mgeni, Franco atabaki na nini? Cha maana ni kilichofanyika baada ya chombo kufika. Wale vijana wa Léopoldville walilichukua gitaa wakalifundisha lugha ambayo Mbelgiji mwenyewe hakuijua.

Na kila hatua ilikuwa na wajomba wake. Desemba 1969 vijana wa Kinshasa walianzisha Zaiko Langa Langa. Wakatupa safu ya tarumbeta na saksafoni, wakaibeba kasi kwa magitaa na ngoma, sebene ikarefuka mpaka ikawa nusu ya wimbo. Kwa waliolelewa na African Jazz, ule haukuwa muziki, ulikuwa fujo za watoto. Leo fujo zile ni zilipendwa. Desemba 2021 UNESCO iliiandika rumba ya Kongo kwenye orodha ya urithi wa binadamu, na nilifurahi kama kila mtu. Ila neno urithi lina hatari yake ndogo. Urithi unafungiwa kabatini. Rumba haijawahi kukaa kabatini hata muongo mmoja.

Mwanaanga na Shaba

Katika video ya "Malukayi" kuna mwanaanga. Amevaa suti nzima na kofia yake, anatembea mitaani Kinshasa usiku, na watu wanaendelea na shughuli zao. Wengi waliitazama kama kichekesho: mwanaanga na Kongo, wapi na wapi?

Sisi wasemaji wa Kiswahili tungepaswa kucheka kidogo zaidi ya wengine, halafu tunyamaze. Mwaka 1977 na 1978 kampuni ya Kijerumani iitwayo OTRAG ilirusha roketi za majaribio kutoka ardhi ya Zaire, katika jimbo ambalo wakati huo liliitwa Shaba. Neno letu hilo, lililopewa jimbo kwa sababu ya madini yake. Moja ya roketi hizo ilianguka mbele ya macho ya Mobutu aliyekuja kushuhudia. Kabla ya hapo, urani ya Shinkolobwe, jimbo hilohilo, iliingia kwenye bomu la Hiroshima. Na leo simu unayosomea makala hii huenda ina kobalti ya kutoka kulekule.

Kwa hiyo mtu asituambie kwamba kesho ni mgeni Kongo. Kesho imechimbwa Kongo kwa zaidi ya miaka mia, ikapakiwa, ikasafirishwa, na wachimbaji wakaachiwa mashimo. Yule mwanaanga wa Kinshasa mimi namwona kama mtu aliyerudi kudai sehemu yake. Albamu inafunguliwa kwa wimbo unaoitwa "From Kinshasa to the Moon", kutoka Kinshasa hadi mwezini. Nikijua habari ya Shaba, kichwa hicho hakinichekeshi tena.

Na sisi huku

Swali la mjomba si la Kongo pekee. Hukwe Zawose, gwiji wa ilimba, alipotoa *Assembly* na Michael Brook mwaka 2002, nayo ilichanganya sauti ya Kigogo na mitambo. Kuna watu hadi leo wanaitaja kwa kunong'ona, kana kwamba mzee alipotezwa njia. Na singeli? Wakati sisi wenye digrii tulikuwa tunaiita makelele ya vigodoro, Uganda kampuni ya Nyege Nyege Tapes ilitoa *Sounds of Sisso* mwaka 2017, na wasikilizaji wa Ulaya wakaiita muziki wa siku zijazo. Vijana wa Dar waliiita singeli tu, wakaendelea kukimbiza mdundo.

Tuna tabia ya kuwaachia wageni waamue lini tumekuwa wa kisasa, halafu tunalalamika kwamba wao ndio wametubadilisha. Ningetamani tuwahi. Tusikilize mkwaruzo wetu wenyewe kabla haujarudi kwetu na stempu ya Paris au London. Coco na Theo hawakuwa na sababu ya kuwahi popote. Walikuwa na jina, tuzo na filamu. Walikuwa na kila sababu ya kubaki. Kwa watu ambao dunia iliwapenda hasa kwa sababu ya miili yao na mateso yao, kutoa albamu ambayo huwezi kuijua kwa kuangalia picha, lazima uisikilize, ilikuwa njia ya kulitimiza jina la bendi ya kwanza kuliko bendi yenyewe ilivyoweza.

Wiki iliyopita nilimwekea mjomba "Coco Blues", wimbo mtulivu zaidi kwenye albamu. Sikumwambia ni akina nani. Alisikiliza hadi mwisho, mkono unagonga goti taratibu. "Huyu mzee anajua kuimba," akasema. Nikamwambia ndiyo walewale wa spika iliyopasuka. Akanitazama kama nimemtapeli.

"Basi waambie wakaitengeneze hiyo spika," akasema. Halafu, nilipokuwa nainuka kuzima, akaongeza, "Lakini huo acha kwanza. Rudia mwanzo."